Besiboli kwa Vipimo vya Voi: Uwanja Unaoumbwa na Ardhi Yake

Uwanja wa besiboli una sehemu mbili zenye tabia tofauti. Ya ndani imepimwa kwa sentimita na haibadiliki popote duniani. Ya nje imeachiwa ardhi iamue. Kwa watu wazima, kutoka besi moja hadi ya pili ni mita 27.43, iwe ni Boston, Tokyo au Havana. Kutoka anaposimama mrushaji hadi besi ya nyumbani, penye mpigaji na gongo lake, ni mita 18.44. Lakini umbali wa kutoka hapo hadi ukuta wa mwisho, kimo cha ukuta huo na umbo la kona zake ni mambo ambayo kila mji hujipangia wenyewe. Soka nayo huruhusu uwanja mmoja uzidi mwingine kwa hatua kadhaa, ila mstatili hubaki mstatili, Mwatate au Madrid. Klabu 30 za Ligi Kuu ya Marekani na Kanada zina viwanja vyenye maumbo 30, na mchezaji anayehama hulazimika kujifunza tabia za ukuta mpya kabla hajazoea majina ya wenzake.

Anayetaka kuuona uwanja huo akiwa Voi, katika kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya, aanze kwa kuwaza robo ya chapati. Ncha ya robo hiyo ndiyo besi ya nyumbani, kibamba cheupe chenye pembe tano na upana wa sentimita 43. Kingo mbili zilizonyooka ni mistari ya chokaa inayotoka kwenye ncha na kutanuka kwa pembe mraba hadi ukutani, ambako kila mmoja huishia kwenye nguzo ndefu, aghalabu ya rangi ya manjano. Mpira uliopigwa ukaangukia kati ya mistari hiyo uko hai. Ukiangukia nje umeharibika. Karibu na ncha kuna besi nne zilizopangwa kama mraba uliosimamia pembe yake, na mpigaji aliyeufikisha mpira mbali hukimbia kuzizunguka hadi arudi nyumbani apate alama. Waliocheza raunda katika shule za msingi za Kenya hawahitaji maelezo marefu, kwa kuwa michezo hiyo miwili ni ndugu. Mpira ukivuka ukuta kabla ya kugusa chini ni homurani: mpigaji na wenzake waliokuwa kwenye besi hurudi wote nyumbani kwa madaha, bila mtu wa kuwazuia.

Katikati ya mraba kuna tuta la udongo lenye kipenyo cha mita 5.5, na juu yake husimama mrushaji. Kimo cha tuta hilo leo ni sentimita 25. Hadi 1968 kilikuwa sentimita 38, na mwaka huo warushaji walitawala mchezo hadi watazamaji wakachoka. Bob Gibson wa St. Louis Cardinals alimaliza msimu akiwa ameruhusu wastani wa alama 1.12 tu kwa mechi nzima. Msimu uliofuata tuta likapunguzwa, na wapigaji wakapumua. Sentimita 13 za udongo zilisaidia kugeuza mizani ya ligi yote, jambo linaloonyesha jinsi mchezo huu ulivyofungamana na ardhi unayochezewa.

Sehemu ya nje ilipata maumbo yake kwa sababu ya ufinyu wa nafasi zaidi kuliko ustadi wa wasanifu. Viwanja vya mwanzo vilikuwa vya mbao na viliungua mara kwa mara. Kuanzia 1909, Philadelphia na Pittsburgh zilipofungua vya saruji na chuma, klabu zilianza kujenga vya kudumu ndani ya mitaa iliyokwisha kupimwa, na uwanja ukalazimika kuifuata mitaa hiyo. Fenway Park ya Boston, iliyofunguliwa 1912 na inayotumika hadi leo, ilikatizwa na barabara upande wa kushoto. Ukuta ukawa mita 94 tu kutoka kwa mpigaji, karibu mno, na dawa yake ikawa kuuinua: leo una kimo cha mita 11.3, umepakwa rangi ya kijani, na mashabiki wanauita jitu. Polo Grounds ya New York ilikuwa na kasoro ya kinyume. Kwenye mistari ya kando ukuta ulikuwa chini ya mita 86, ilhali katikati ulirudi nyuma hadi mita 147. Katika uwanda huo wa katikati ndipo mlinzi Willie Mays, mwaka 1954, alipokimbia akiwa ameupa mgongo mpira na kuudaka juu ya bega. Katika viwanja vingine vingi vya siku hizo, pigo lile huenda lingekuwa homurani.

Tofauti zilipozidi, ligi iliweka sheria. Uwanja wa klabu za kulipwa utakaojengwa baada ya tarehe 1 Juni 1958 sharti uwe na mita 99 kwenye mistari ya kando na mita 122 katikati, kwa uchache. Ligi yenyewe imeshawahi kufumba macho: uwanja mpya wa New York Yankees, uliofunguliwa 2009, una takriban mita 96 upande wa kulia.

Vipimo hivyo vya chini ndivyo vinavyokataa wazo la kuipenyeza besiboli ya watu wazima katika viwanja vilivyopo Taita Taveta. Voi ina Uwanja wa Moi. Wundanyi ina Uwanja wa Dawson Mwanyumba, uliopewa jina la mmoja wa mawaziri wa Jomo Kenyatta wa miaka ya mwanzo ya uhuru. Vyote viwili ni vya matumizi mengi kama ilivyo desturi ya Kenya: soka, michezo ya shule, sikukuu za kitaifa na mikutano ya siasa. Hata kama kungekuwa na uwanja kamili wenye njia ya riadha ya mita 400, nafasi iliyo ndani ya njia hiyo ni takriban mita 157 kwa 73. Mita 122 za katikati zinaingia kwa urefu bila taabu. Kinachokwama ni mistari ya kando: kila mmoja ukinyooka mita 99 kwa pembe yake, ncha zake mbili huachana kwa mita 140, karibu mara mbili ya upana uliopo.

Wamarekani walilijaribu hilo wakajua. Klabu ya Dodgers ilipohama Brooklyn kwenda Los Angeles mwaka 1958 haikuwa na uwanja wake, ikachezea Coliseum, uwanja wa Olimpiki ya 1932. Besi zilisukumwa kwenye kona moja, na ukuta wa kushoto ukawa mita 76 tu kutoka kwa mpigaji. Ilibidi kutundikwa wavu wa zaidi ya mita 12 ili mapigo dhaifu yasihesabiwe homurani. Watazamaji 78,672 walihudhuria mechi ya kwanza, wengine wakiwa mbali kiasi cha kuwaona wachezaji kama sisimizi. Hata miaka ya karibuni, Yankees na Boston Red Sox walipochezea London katika uwanja wa Olimpiki mwaka 2019, ukuta wa katikati haukufika mita 122, na mechi ya kwanza iliisha kwa 17 kwa 13, matokeo yanayofanana zaidi na ya mpira wa kikapu wa watoto.

Ardhi ikipatikana, swali linalofuata ni uwanja uelekee wapi. Kanuni za mchezo hupendekeza mstari wa kutoka besi ya nyumbani, kupitia kwa mrushaji, uelekee mashariki-kaskazini-mashariki. Mpigaji hukabiliwa na mpira unaoweza kuzidi kasi ya kilomita 150 kwa saa, na jua la alasiri likimpiga usoni hatauona. Kwa hiyo hugeuzwa alipe jua kisogo, na adhabu humwangukia mlinzi wa upande wa kulia wa uwanja wa nje, ambaye huitazama besi ya nyumbani akiwa ameelekea magharibi. Katika miji ya kaskazini ya Marekani njia ya jua hubadilika sana kati ya majira na majira. Voi, nyuzi tatu na nusu hivi kusini mwa ikweta, ina jua la kutabirika: mwaka mzima huzama magharibi au karibu nayo, kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo jioni. Mechi ya Ligi Kuu, tangu saa ya kumharakisha mrushaji ianze kutumika 2023, huchukua takriban saa mbili na dakika 40. Uwanja wa Voi usio na taa ungelazimika kuanza mechi kabla ya saa tisa na nusu, jua lingali kali. Mechi ya kwanza ya usiku katika Ligi Kuu ilichezwa Cincinnati mwaka 1935. Wrigley Field ya Chicago ilikataa taa hadi 1988, ubishi ambao ni rahisi kuumudu katika nchi ambako siku ya kiangazi haiishi mapema.

Upepo nao una lake. Kusi, upepo utokao kusini-mashariki kati ya Mei na Septemba, ungeukata uwanja uliopangwa kwa kanuni hiyo kutoka kulia kwenda kushoto kwa macho ya mpigaji. Mapigo ya kulia yangerudishwa, ya kushoto yangesindikizwa. Chicago wanalijua hilo kupitia Ziwa Michigan. Upepo ukitoka ziwani, Wrigley Field huwa mkubwa. Ukielekea ziwani, uwanja ule ule hugeuka kuwa mdogo.

Kuliko jua na upepo, mwinuko ndio unaoitofautisha Taita Taveta. Hewa ya juu ni nyepesi, na mpira unaokata hewa nyepesi huenda mbali zaidi, lakini hujipinda kidogo, hivyo mrushaji hupoteza silaha yake kuu. Uwanja wa Coors Field wa Denver, uliofunguliwa 1995 karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, una safu moja ya viti vya zambarau kuonyesha mahali hasa pa maili moja. Wasanifu walijua kitakachotokea, wakauweka ukuta mbali kuliko kawaida, mita 126 katikati. Haikutosha. Mwaka 1999 zilipigwa homurani 303 katika uwanja huo, rekodi ya ligi. Tangu 2002 mipira ya Denver hutunzwa katika chumba chenye unyevu wa kudhibitiwa, kwa kuwa hewa kavu ya huko huikausha, nayo ikikauka huruka zaidi inapogongwa.

Voi iko karibu mita 600. Kwa sasa, ukiiondoa Denver, hakuna uwanja wa Ligi Kuu ulio juu kuliko mji huo. Phoenix na Atlanta, zinazofuata, hazifiki mita 350. Wundanyi, kwa takriban mita 1,400, inakaribia Denver. Na kilele cha Vuria, mita 2,208, kinakaribiana na jiji la Mexico, ambako San Diego Padres na San Francisco Giants walicheza mwaka 2023: mechi ya kwanza iliisha 16 kwa 11, homurani zikiwa 11. Timu ya Voi inayopanda matatu kupitia Mwatate kwenda kucheza Wundanyi ingekuta, ndani ya kaunti moja, mpira wenye tabia tofauti. Mlinzi aliyezoea kukadiria utakapoanguka angejikuta akirudi nyuma hatua kadhaa zaidi ya alivyotegemea. Hata katika ligi tajiri ya Marekani ni timu chache zinazokumbana na tofauti kubwa namna hiyo kwa safari fupi.

Kisha kuna udongo. Mtazamaji wa televisheni hudhani ni vumbi tu, lakini watunzaji wa viwanja huupima kama fundi apimavyo zege. Mchanga huchukua sehemu kubwa ili maji yapite. Mfinyanzi hushikanisha ili njumu za mkimbiaji zipate pa kukanyaga. Chembe laini zilizo kati huziba mapengo. Mfinyanzi ukizidi, uwanja hukauka na kuwa sakafu, na mpira huruka vibaya usoni mwa mlinzi. Mchanga ukizidi, mkimbiaji huteleza. Tuta la mrushaji hujengwa kwa mfinyanzi mzito zaidi, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu mguu wake hutua mahali pale pale makumi ya mara kwa mechi moja. Viwanja vingi vya Marekani huongeza matofali yaliyosagwa au mfinyanzi uliochomwa, ili kunyonya maji na kupata wekundu unaopendeza. Wekundu huo Voi haiununui. Ni udongo ule ule unaowapaka tembo wa Tsavo rangi hadi watalii wakadhani ni aina nyingine ya mnyama. Mpira mweupe ungeonekana vizuri juu yake. Kazi ingekuwa kuuchanganya na mchanga wa kutosha ili usigande baada ya mvua.

Hata mpira wenyewe hupakwa udongo. Ukitoka kiwandani huwa na utelezi, na kwa miongo mingi klabu za Ligi Kuu zimeupaka tope linalochotwa katika kijito cha bonde la Mto Delaware, New Jersey, kabla ya kila mechi, ili mrushaji aushike.

Hakuna mahali udongo wa uwanja unaheshimiwa kama Koshien. Uwanja huo, uliofunguliwa tarehe 1 Agosti 1924 mjini Nishinomiya kati ya Osaka na Kobe, ni makao ya klabu ya Hanshin Tigers, lakini Wajapani huujua zaidi kwa mashindano ya shule za sekondari. Sehemu yake yote ya ndani ni udongo mweusi uliochanganywa na mchanga, bila nyasi, na mchanganyiko hubadilishwa kwa majira: mchanga zaidi wakati wa mvua za machipuko, udongo mweusi zaidi wakati wa kiangazi ili mpira usipotee katika mwangaza. Timu inayoshindwa hupiga magoti na kujaza udongo katika mifuko yake midogo kwenda nao nyumbani. Mwaka 1958 wanafunzi wa Shuri, Okinawa, walifanya hivyo, lakini kisiwa chao kilikuwa bado chini ya utawala wa Marekani, na sheria za kuzuia magonjwa ya mimea zikalazimisha udongo huo utupwe baharini walipofika. Wafanyakazi wa ndege walioguswa na habari hiyo waliwapelekea vijiwe vya Koshien, kwa kuwa jiwe si udongo na sheria haikulitaja.

Nyasi ni tatizo la maji, na Voi inalijua tatizo la maji bila kufundishwa. Mji hupata mvua chache katika vipindi viwili, huku bomba la Mzima likipeleka Mombasa maji ya chemchemi za Tsavo Magharibi tangu miaka ya 1950. Houston ilikumbana na tatizo la nyasi kwa njia nyingine. Astrodome, uwanja wa kwanza mkubwa wa besiboli kuwa na paa, ulifunguliwa 1965 ukiwa na paa la vioo ili nyasi zipate jua. Wachezaji wakashindwa kuuona mpira kwa sababu ya mng'ao, vioo vikapakwa rangi, nyasi zikafa. Mwaka 1966 zikatandikwa za bandia, na teknolojia hiyo ikasambaa duniani hadi kwenye viwanja vya soka.

Sehemu zinazobaki zinaeleweka upesi. Mabanda ya wachezaji huchimbwa nusu ndani ya ardhi, ili mtazamaji wa safu ya mbele asizibwe na vichwa. Warushaji wa akiba hujipasha moto mahali pao maalumu, mara nyingi nyuma ya ukuta. Kabla ya ukuta kuna ukanda wa udongo unaozunguka uwanja wa nje: mlinzi anayekimbia akiangalia juu husikia kwa miguu kwamba nyasi zimeisha, akajua ukuta uko hatua chache mbele. Nyuma ya mrushaji, ng'ambo ya ukuta wa katikati, huachwa eneo la rangi iliyokoza lisilokaliwa na watu, kwa sababu mpira mweupe ukitokea mbele ya mashati meupe haumwachii mpigaji muda wa kuuona. Na tangu 2020 klabu zote 30 zimerefusha wavu wa kuwakinga watazamaji, baada ya watu kujeruhiwa na mipira iliyoharibika.

Ukuta wa Wrigley Field umefunikwa kwa mimea itambaayo tangu 1937, na mpira ukinasa ndani yake mpigaji hupewa besi mbili. Taita Taveta, nchi ya mashamba ya mkonge, inaweza kuvutiwa na ua wa aina hiyo. Mlinzi anayerudi nyuma mbio angekuwa na maoni mengine.

Viwanja hivi pia vina historia ya watu walioondolewa. Bonde la Chavez Ravine, Los Angeles, lilikaliwa na familia za asili ya Meksiko. Walihamishwa miaka ya 1950 kwa ahadi ya nyumba za umma ambazo hazikujengwa, wa mwisho wakatolewa kwa nguvu 1959, na mwaka 1962 ukafunguliwa hapo Dodger Stadium wa watu 56,000. Kaunti ambayo maskwota na mashamba makubwa vimekuwa ajenda ya kila uchaguzi haihitaji kufafanuliwa kisa hicho.

Afrika Mashariki haijajenga kitu cha ukubwa huo, lakini imeanza. Mwaka 2018 ulizinduliwa uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, kwa msaada wa serikali ya Japani, nao ukapewa jina la Koshien. Uganda imekwenda mbali zaidi. Wilayani Mpigi, Mmarekani Richard Stanley alisaidia kujenga shule yenye viwanja vya mchezo huu. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilikuwa ya kwanza ya Afrika kufuzu kwa mashindano ya dunia ya Williamsport, Pennsylvania, ikanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika, wakaifunga timu ya Oregon 3 kwa 2. Baadaye vijana wa Uganda wamesajiliwa na Los Angeles Dodgers na Pittsburgh Pirates.

Uwanja wa Williamsport ndio wenye vipimo vinavyoifaa Voi. Watoto hukimbia mita 18.29 kati ya besi, na ukuta huwa mita 68.6 kutoka kwa mpigaji, upande wowote. Uwanja kamili wa soka una upana wa mita 68. Kwa hiyo besi ya nyumbani ikiwekwa kwenye kibendera cha kona, mstari mmoja ukafuata mstari wa goli na wa pili ukafuata mstari wa pembeni, besiboli ya watoto inaenea karibu kikamilifu ndani ya uwanja wa soka wa shule, na mita zaidi ya 35 za urefu hubaki bila kazi. Viwanja vya soka hupendekezwa vilazwe kaskazini-kusini ili makipa wasikabiliwe na jua. Ikichaguliwa kona ya kusini-magharibi, mpigaji ataelekea kaskazini-mashariki, karibu kabisa na kanuni inavyotaka. Tuta linaweza kuwa la mbao lililofunikwa zulia la nyasi bandia, la kubebwa na kuondolewa kabla ya mechi ya soka ya jioni. Cha kudumu ni wavu mrefu nyuma ya kona hiyo, na nguzo zake zisimamishwe nje ya mstari, mahali ambapo mpiga kona hatajigonga.